Sura ya 7: Je, Saratani ya Umio ni Ugonjwa wa Ukoo?

"Daktari, hii ni ya ukoo? Na watoto wangu wataipata?"

Swali hili huulizwa Bomet, Eldoret, Moshi na kila mahali ambapo saratani ya umio imebisha hodi kwenye nyumba moja zaidi ya mara moja. Baba alianza kukwamwa na nyama, ukafuata ugali, mwishowe hata uji ukagoma kushuka. Miaka michache baadaye dada yake naye akaanza vivyo hivyo. Majirani wakagawanyika: hawa wakasema laana, wale wakasema damu ya ukoo ule ndivyo ilivyo. Anayebaki na hofu ni kijana wa nyumba hiyo, ambaye kila tonge likichelewa kushuka anaona zamu yake imeshafika.

Jibu fupi ni hili: mara nyingi saratani ya umio hairithiwi. Wengi wanaoiugua walizaliwa na jeni zisizo na kasoro ya kuleta ugonjwa huu. Jeni chache ziliharibika baadaye, tena ndani ya umio tu, na baada ya hapo jeni nyingine nyingi zikaanza kusomwa kupita kiasi au zikaacha kusomwa. Sura hii inaeleza jinsi hilo linavyotokea, na kwa nini kulielewa kunatupunguzia hofu na kutuonyesha pa kuchukua hatua.

## Umio, na ukanda wenye ugonjwa mwingi

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa kama sentimita 25, unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ndani yake kuna utando laini wa seli zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Seli ni chembe hai ndogo zinazoujenga mwili wote.

Saratani ya umio ina aina mbili kuu. Ya kwanza huanza kwenye seli bapa, zile zinazounda utando huo. Hii ndiyo yetu Afrika Mashariki: katika kila wagonjwa kumi, zaidi ya tisa wanayo. Ya pili huanza kwenye seli za tezi, chini karibu na tumbo, hasa kwa wenye kiungulia cha miaka mingi na unene uliopindukia. Hiyo ndiyo iliyoongezeka sana Marekani na Ulaya Magharibi.

Mwaka 2022 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya wapatao 511,000 wa saratani ya umio, na waliofariki kwa ugonjwa huo mwaka huohuo walikuwa wapatao 445,000. Namba mbili hizi zimekaribiana mno, kwa sababu wengi hufika hospitalini wamechelewa. Tena ugonjwa huu haukujigawa sawasawa. Umejikita katika sehemu za mkoa wa Henan nchini Uchina, Golestan kaskazini mwa Iran, na katika ukanda mrefu unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi mashariki mwa Afrika Kusini. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, madaktari wamewatibu hata vijana wa miaka 30 na chini ya hapo, umri ambao katika nchi nyingi ni nadra kabisa kuuona ugonjwa huu.

## Jeni kuwepo ni jambo moja, kusomwa ni jingine

Jeni ni kipande cha DNA, ule uzi mrefu ulio katika kiini cha seli, chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Protini ndizo zinazofanya kazi: zinayeyusha chakula, zinakaza misuli, zinaiamuru seli igawanyike au itulie. Binadamu ana jeni za namna hii zipatazo 20,000.

Seli haisomi zote kwa pamoja. Ikihitaji protini, kwanza hunakili jeni yake kwenye uzi mfupi uitwao mRNA, jina ambalo wengi walilisikia wakati wa chanjo za UVIKO-19. Kisha nakala hiyo hutumika kuunda protini. Kazi hii yote tuiite kusomwa kwa jeni. Jeni ikisomwa sana, protini yake huwa nyingi. Isiposomwa, protini haipo, hata kama jeni yenyewe ipo nzima.

Mfano ulio karibu nasi ni maziwa. Kila mtoto mchanga ana jeni ya laktasi, protini inayovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani, jeni hiyo hupunguza kusomwa baada ya mtoto kuachishwa ziwa, ndiyo maana mtu mzima akinywa maziwa freshi tumbo humnguruma. Kwa Wamasai na jamii nyingine za wafugaji, wengi huendelea kuisoma hadi uzeeni. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan. Jeni ya laktasi yenyewe haikuwa na tofauti yoyote ya maana. Tofauti ilikuwa katika kipande cha DNA cha pembeni, kinachoamua jeni isomwe hadi lini.

Tulishike hilo. Watu wawili wanaweza kuwa na jeni ileile, na miili yao ikafanya mambo mawili tofauti. Hata ndani ya mtu mmoja, seli ya umio na seli ya jicho zina jeni zilezile. Kila moja inasoma zake.

## Utando wa umio unavyojijenga

Tabaka la chini kabisa la utando wa umio ndilo lenye seli zinazogawanyika. Mbili kati ya protini zinazoitawala kazi hiyo zinaitwa SOX2 na p63. Hizi hushika DNA na kuamua jeni zipi zisomwe. Seli ikiacha tabaka la chini na kupanda juu, inaacha kugawanyika, inakuwa bapa, inafanya kazi ya kuukinga umio, kisha inabanduka na kushuka na chakula. Utando hujifanya upya hivyo maisha yote.

Saratani huuvunja mpangilio huo. Mwaka 2017 watafiti wa mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani walichapisha uchambuzi wa vimbe 164 za umio. Katika zile za seli bapa, mara nyingi walikuta jeni za SOX2 na p63 zimejirudia, nakala nyingi kuliko mbili ambazo seli inapaswa kuwa nazo. Walikuta pia nakala za ziada za jeni ya saiklini D1, protini inayoiruhusu seli kuanza kugawanyika. Matokeo yake ni seli zinazobaki na tabia ya tabaka la chini: zinazidi kugawanyika, hazikomai, hazibanduki.

Uchambuzi huo ulionyesha jambo jingine kubwa. Saratani ya seli bapa ya umio inafanana zaidi na saratani za kinywa na koo kuliko ile ya tezi iliyo kwenye mrija huohuo. Ile ya tezi inafanana na saratani ya tumbo. Kwa hiyo dawa iliyofanya vizuri kwa mgonjwa wa Ulaya mwenye aina ya tezi haiwezi kuchukuliwa tu kuwa itamfaa mgonjwa wa Kericho.

## Protini hazifanyi kazi peke yake

Protini hushikana, huamshana na huzimana. Ukichora kila protini kama kituo, na kila mgusano kama njia, unapata mtandao. Mtu wa Dar es Salaam ataelewa upesi: kituo cha mwisho wa njia kikifungwa wataumia wachache, lakini Kariakoo ikifungwa, wa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta wote wataonja. Protini yenye miunganiko mingi namna hiyo tunaiita protini kitovu.

Kitovu maarufu kuliko vyote ni p53. Kazi yake ni kuikagua hali ya seli. DNA ikikatika, p53 huziamuru jeni nyingine zisomwe ili seli isimame ijirekebishe, na ikishindikana, ijiue. Jeni ya p53 imeharibika katika sehemu kubwa sana ya saratani za seli bapa za umio. Umuhimu wake tunauona hata kwa tembo wa Afrika. Mwili wake ni mkubwa na una seli nyingi mno, lakini hapati saratani kwa wingi ambao ungetarajiwa. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba tembo ana angalau nakala 20 za jeni hiyo, wakati binadamu anapokea moja tu kwa baba na moja kwa mama.

Katika maabara ya patholojia, p53 inaweza kuonekana kwa macho. Kipande cha nyama kutoka kwenye umio, kidogo kama punje ya mchele, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kisha hupakwa rangi maalumu inayoishika p53 peke yake. Chini ya hadubini, utando wenye afya huonyesha viini vichache vyenye rangi hafifu ya kahawia, vimetawanyika tabaka la chini. Katika saratani, mara nyingi viini karibu vyote huwa kahawia iliyokolea. Hapo msomaji anaweza kushangaa: kama p53 ni mlinzi, mbona iko nyingi penye ugonjwa? Ni kwa sababu p53 nzima huishi muda mfupi; protini nyingine iitwayo MDM2 huiondoa. Iliyoharibika mara nyingi haiondolewi, inarundikana bila kufanya kazi. Wingi wa protini haumaanishi uzima wake. Na wapo wagonjwa ambao rangi haionekani kabisa, kwa kuwa jeni imeharibika kiasi cha kutotoa protini yoyote. Vyote viwili ni dalili mbaya.

## Watafiti huupataje mtandao huu?

Kazi hufuata hatua hizi:

- Daktari anachukua vipande viwili vya nyama kwa kutumia kamera ya kuingiza kooni: kimoja penye uvimbe, kimoja pasipo na uvimbe.
- Vipande vinatumbukizwa hapohapo kwenye kimiminika maalumu au kugandishwa kwa baridi kali, maana mRNA huoza upesi. Hata kidole kisicho na glavu kina vimeng'enya vya kuiharibu.
- Mashine inahesabu mRNA za maelfu ya jeni katika kila kipande.
- Kompyuta inalinganisha: jeni zipi zinasomwa zaidi kwenye uvimbe, zipi zimepungua.
- Orodha inaingizwa kwenye hifadhi ya taarifa za miunganiko ya protini, kwa mfano ile iitwayo STRING, na mtandao unachorwa.
- Protini vitovu zinachaguliwa ili zichunguzwe kwenye seli hai, na baadaye kwa wagonjwa.

Hatua ya mwisho ndiyo nzito, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Tafiti nyingi huishia kwenye kompyuta, zikatangaza "jeni mpya ya saratani ya umio". Nyingi kati ya jeni hizo ni zile za kugawanya seli. Zitaonekana katika karibu kila uvimbe unaokua haraka, uwe wa umio, wa titi au wa ini. Kuwa kitovu kwenye mchoro hakutoshi kuifanya protini kuwa chanzo cha ugonjwa, wala shabaha ya dawa. Ukisoma habari kwamba jeni fulani imegunduliwa, uliza kwanza: imejaribiwa kwenye seli hai? Imethibitishwa kwa wagonjwa wengine?

## Jeni zilizobadilika zimo hata kwa wazima

Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichunguza umio wa watu tisa ambao hawakuwa na saratani, wa umri wa kuanzia miaka 20 hadi 75. Kwa wale wa makamo na wazee, seli zenye jeni zilizobadilika, zikiwemo jeni zinazojulikana kuhusika na saratani, zilikuwa zimefunika sehemu kubwa ya utando. Jeni iitwayo NOTCH1 ilikuwa imebadilika kwa wingi zaidi katika umio wenye afya kuliko katika saratani zenyewe.

Maana yake ni kwamba badiliko la jeni moja halifanyi saratani. Miili yetu huishi nayo miaka mingi. Saratani huja pale mabadiliko kadhaa yanapokusanyika katika seli moja, walinzi kama p53 wakaanguka, na mtandao mzima ukaanza kufanya kazi vingine. Hilo huchukua muda, na muda huo ndio nafasi yetu ya kuzuia.

## Chai ya moto, pombe na moshi

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi, huenda kunasababisha saratani ya umio. Kosa si la chai, ni la moto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Kilimanjaro ulipima joto la chai pale watu walipoanza kuinywa, na wastani ulipita nyuzi 70. Wengi wetu tunaijua chai hiyo: ya maziwa, imetoka jikoni sasa hivi, inanywewa harakaharaka kabla ya kwenda shamba.

Sumu ya sigara huacha alama zake ndani ya DNA, na alama hizo hutambulika. Watafiti walitarajia kuona alama za namna hiyo zinazoeleza kwa nini ukanda wetu unaugua zaidi. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa saratani 552 kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Alama hizo zilifanana mno kati ya nchi zenye ugonjwa mwingi na zenye ugonjwa mchache. Hakuna alama ya pekee iliyoonekana kuubebesha ukanda wetu mzigo huu.

Matokeo haya yanaendana na wazo kwamba baadhi ya visababishi haviikati DNA moja kwa moja. Utando ukiunguzwa kila siku, seli hufa, na zilizobaki husoma jeni za kuponya kidonda: zigawanyike, zijaze pengo. Kila kugawanyika ni nafasi ya kosa jipya, na seli iliyokwisha kuharibika hupata uwanja wa kuenea. Pombe nayo, iwe busaa, chang'aa au bia ya dukani, hugeuzwa mwilini kuwa asetaldehidi, kemikali inayojeruhi DNA. Ukiongeza sigara au ugoro, mzigo unakuwa mkubwa zaidi. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao una kemikali za jamii moja na zile za moshi wa tumbaku.

## Basi kwa nini ndugu huugua pamoja?

Urithi wa kweli upo, ila ni nadra. Kuna familia, zilizojulikana zaidi kutoka Liverpool, Uingereza, ambazo ngozi ya viganja na nyayo huwa nene isivyo kawaida, na wengi wao hupata saratani ya umio. Mwaka 2012 jeni inayohusika, RHBDF2, ilitambuliwa. Katika Asia ya Mashariki, watu wengi hurithi jeni dhaifu ya kuondoa asetaldehidi; wakinywa pombe uso huwaiva, na wakiendelea kunywa hatari ya saratani ya umio hupanda.

Kwetu, ndugu hushiriki mengi zaidi ya damu. Wanakula chungu kimoja, wanapuliza moto uleule wa kuni, wanamiminiwa chai kutoka birika moja, wanakunywa pombe kilabu kimoja. Mwenye ndugu aliyeugua ana sababu ya kuwa makini zaidi, lakini hana sababu ya kuamini kwamba hukumu imeshatolewa. Jiko linaweza kuwekewa dirisha. Chai inaweza kusubiri.

## Maarifa haya yamemsaidia nani?

Yapo matunda tayari. Seli nyingi za saratani husoma sana jeni ya PD-L1. Protini hiyo hukaa juu ya seli, ikigusana na PD-1 iliyo kwenye askari wa kinga ya mwili, askari hupoa. Tasuku Honjo, aliyeigundua PD-1, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 pamoja na James Allison. Dawa zinazozuia mgusano huo, kama pembrolizumab na nivolumab, sasa hutumika kwa saratani ya umio iliyosambaa. Bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu, na hilo ni jambo la kudai kwa watunga sera, si la kunyamazia.

Upo pia uchunguzi wa mapema. Uingereza walibuni kidonge chenye sifongo kilichofungwa uzi. Mtu anakimeza, ganda linayeyuka, sifongo inatanuka, kisha inavutwa juu ikikusanya seli za umio njiani. Maabara hutafuta protini TFF3, ambayo utando wa umio wenye afya hauitengenezi. Ikionekana, kuna mabadiliko yanayoweza kuzaa saratani ya aina ya tezi. Iran wamejaribu njia ya namna hiyo kwa aina ya seli bapa, wakitazama p53.

Karibu nasi, uchambuzi wa vimbe kutoka Malawi uliochapishwa mwaka 2016 ulizigawa saratani za seli bapa katika makundi matatu kwa namna zinavyosoma jeni. Huo ni mwanzo. Sehemu kubwa ya ramani za mitandao hii bado imechorwa kwa nyama za wagonjwa wa Uchina, Japani na Marekani. Dawa zitakazotokana na ramani hizo zitawajibu kwanza wale waliochorwa.

## Muhtasari

- Saratani ya umio kwetu ni hasa ya seli bapa, na mara nyingi hairithiwi.
- Jeni ikiwepo si lazima isomwe. Ugonjwa unahusu pia kinachosomwa, kwa wingi gani na wakati gani.
- Protini hufanya kazi kwa mtandao. Kitovu kama p53 kikiharibika, madhara husambaa.
- Badiliko moja la jeni halitoshi. Yakusanyike kadhaa kwa miaka.
- Acha chai ipoe, acha tumbaku, punguza au acha pombe, toa moshi jikoni.
- Chakula kikikwama kwa zaidi ya wiki mbili, au uzito ukishuka bila sababu, omba kipimo cha kamera. Usikubali kurudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi.

## Ukiombwa sampuli

Huenda siku moja wewe au mzazi wako mkaombwa kipande cha pili cha nyama kwa ajili ya utafiti. Usikatae kwa hofu, wala usikubali kwa haraka. Uliza: kipande hiki kitahifadhiwa wapi? Kitapelekwa nje ya nchi? Nani ataruhusiwa kukitumia? Matokeo yatarudishwa hospitalini hapa? Naweza kujitoa baadaye bila kupoteza matibabu yangu? Mtafiti mwaminifu atakujibu yote kwa lugha unayoielewa, na kamati ya maadili imemtaka afanye hivyo. Majibu yakikuridhisha, kubali. Kipande hicho kidogo ndicho kitakachowawezesha watafiti kuujua mtandao wa ugonjwa huu kama ulivyo kwetu, na bila hicho tutaendelea kutibiwa kwa kubahatisha.